Pleibeki, Freddie Mercury na kanda ya mjomba

Najua nilikuwa nimewaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na wale mnaonisukuma kila wiki nimewasikia. Itabidi mnivumilie kidogo. Kuna jambo limenishughulisha miezi kadhaa sasa, nalo lina muziki wa roki ndani yake, lina runinga, lina programu ndogo ya Python isiyofika mistari mia, na lina mjomba wangu wa Mombasa. Asiyependa roki asikimbie. Sehemu ya tarakilishi inakuja.

Swali lenyewe ni hili. Mwanamuziki akisimama mbele ya kamera za runinga akifungua na kufunga mdomo, huku sauti yote inatoka kwenye kanda, je, ametudanganya? Na wewe shabiki uliyelihifadhi onyesho hilo moyoni miaka arobaini, ukilisimulia kila panapokaa watu watatu, kumbukumbu yako ni halali au nayo ni ya bandia?

Hapa kwetu mambo haya si mageni. Nenda kwenye tamasha utamwona msanii akipanda jukwaani na kipaza sauti, DJ anaweka wimbo, sauti ya studio inaimba kila kitu, na msanii anaruka juu yake akimalizia neno la mwisho la kila mstari. Tunaita pleibeki. Tunanung'unika kidogo, kisha tunacheza. Lakini katika roki neno hilo ni kama tusi. Mtu wa roki anatakiwa atoke jasho, gitaa lake lipige kelele, na akikosea kosa lisikike. Ndiyo maana kisa cha roki na runinga kinafundisha kuliko vingine.

Tuanze na asili yake. Tarehe 1 Januari 1964 shirika la BBC la Uingereza lilianza kurusha kipindi cha Top of the Pops kutoka jengo la Manchester ambalo zamani lilikuwa kanisa. Kiliendelea kila wiki hadi Julai 2006, zaidi ya miaka 42. Utaratibu ulikuwa rahisi: nyimbo zinazouzika wiki hiyo, wenyewe waje studio wazionyeshe. Na mwanzoni hawakuziimba. Santuri ilipigwa, wao wakaigiza. Tena palikuwa na msichana aliyeonyeshwa kwenye kamera akiweka santuri kwenye gramafoni, ndipo wimbo unaanza! Kwa hiyo mtazamaji mwenye macho aliona sauti inatoka wapi. Mshikilie msichana huyo akilini, nitamrudia.

Kwa nini wasiimbe tu? Jibu ni la kihandisi. Bendi ya roki si mtu mmoja na gitaa la mbao. Dramu peke yake zinataka vipaza sauti kadhaa. Gitaa la umeme linapiga kelele ambayo inaingia kwenye kipaza sauti cha mwimbaji, na sauti ya mwimbaji ikitolewa kwa nguvu inarudi kwenye vipaza sauti vya dramu. Kuipanga bendi moja isikike vizuri kunaweza kula saa nzima au zaidi. Sasa weka bendi nyingi ndani ya kipindi cha nusu saa, studio moja, na mwishoni sauti yote inatoka kwenye spika ndogo ya runinga ya mtu sebuleni. Na huyo mtu anataka kusikia wimbo vile vile anavyoujua kutoka redioni. Mhandisi yeyote angekata shauri lile lile: weka kanda.

Waliopinga walikuwa wanamuziki wenyewe, kupitia chama chao cha wafanyakazi. Santuri ikipigwa badala ya watu, watu wanakosa kibarua. Mwaka 1966 yakafikiwa makubaliano kwamba kuigiza juu ya santuri kukome, na badala yake bendi irekodi upya muziki wake kwa ajili ya kipindi. Ikawa sheria nzuri kwenye karatasi. Wanamuziki wengi wamesimulia baadaye jinsi walivyoingia studio, wakapoteza muda wakijifanya wanarekodi, kisha mtu akabadilisha kanda kimya kimya na ile ya zamani ikaenda hewani. Sheria bila ukaguzi, sisi watu wa mifumo tunaijua hiyo.

Sasa, wapi watu waligundua mchezo? Kwenye hitilafu. Mwaka 1988 bendi ya All About Eve ilialikwa na wimbo wao mtulivu wa Martha's Harbour. Julianne Regan aliketi kwenye kiti kirefu, mpiga gitaa kando yake. Nyumbani watazamaji walisikia wimbo umeanza, gitaa na sauti. Jukwaani hapakuwa na kitu, kimya. Dada wa watu akaendelea kukaa na kusubiri, macho yametulia, huku sauti yake mwenyewe ikiimba kote Uingereza.

Kilichotokea ni hiki. Sauti ya kanda ilikuwa na njia mbili: moja ya kwenda hewani, nyingine ya kwenda kwenye spika za jukwaani ili wasanii wafuate. Ya kwanza ilifanya kazi, ya pili haikufanya. Mfumo ukadhani kila kitu ni shwari, kwa sababu waliokuwa wakiutazama walitazama njia moja tu. Yeyote aliyewahi kuona seva inajibu "sawa" huku wateja hawaoni kitu anaelewa uchungu huo. Wiki iliyofuata bendi ilirudi, na safari hii waliimba kweli.

Wapo pia waliofichua mchezo kwa makusudi. Mwaka 1971 Rod Stewart na kundi la Faces waliigiza Maggie May, na aliyeonekana akipiga mandolini alikuwa John Peel, mtangazaji wa redio! Hakujali hata kuficha kwamba hapigi. Mwaka 1991 kipindi kilibadilisha kanuni: muziki unaweza kuwa wa kanda, lakini sauti lazima iwe ya papo hapo. Nirvana wakaja na Smells Like Teen Spirit. Kurt Cobain aliimba kwa sauti nzito ya chini kama mtu anayeigiza mzimu, mkono wake ukigusagusa nyuzi za gitaa bila kuzipiga, akakaribia kukimeza kipaza sauti. Dave Grohl alipiga dramu ovyo, Krist Novoselic akazungusha gitaa la besi hewani. Walikuwa wanasema bila kusema: "Mmetuwekea kanda, basi tazameni kanda."

Mashabiki wa Nirvana wanalipenda onyesho hilo mpaka leo. Liangalieni hili vizuri: onyesho ambalo gitaa halikupigwa hata mara moja ni miongoni mwa yale wanayoyakumbuka zaidi.

Kuna kisa kingine ambacho watu hulichanganya na haya. Milli Vanilli. Hao hawakuwa roki, lakini lazima niwataje. Mtayarishaji wao, Mjerumani Frank Farian, ndiye yule yule wa Boney M, ambao santuri yao ya Krismasi imelia katika nyumba nyingi za Kenya. Katika Boney M sauti nzito ya kiume studioni ilikuwa ya Farian mwenyewe, Bobby Farrell akicheza jukwaani. Kwa Milli Vanilli alikwenda mbali zaidi: vijana wawili, Rob Pilatus na Fab Morvan, hawakuwa wameimba kabisa kwenye albamu iliyobeba picha zao. Julai 1989, huko Connecticut, Marekani, kanda ilikwama jukwaani ikarudiarudia maneno yale yale. Februari 1990 wakapewa tuzo ya Grammy, na Novemba mwaka huo ikatwaliwa.

Kosa la pale halikuwa kanda. Kosa lilikuwa kwamba msikilizaji aliambiwa sauti ni ya fulani na haikuwa yake. Cobain alikuwa na kanda ya gitaa lake mwenyewe, na akatuonyesha kwamba ni kanda. Hizo ni bidhaa mbili tofauti, hata kama waya unaozileta ni mmoja.

Haya, sasa tuingie Zanzibar.

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi. Alisomeshwa India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Bendi yake ya Queen ilikuwa na historia ndefu na pleibeki. Mwaka 1975 walipotoa Bohemian Rhapsody, wimbo wenye sehemu ya kiopera yenye sauti zilizopandishwa juu ya sauti, waliona wataonekana vichekesho wakiuigiza kwenye Top of the Pops. Wakarekodi video kwa saa chache tu mwezi Novemba, ikarushwa badala yao. Na kwenye maonyesho ya moja kwa moja, sehemu ile ya opera ilipofika, walifanya jambo ambalo napenda sana: walitoka jukwaani. Taa zikabaki, kanda ikaimba, jukwaa tupu. Roki iliporudi, nao wakarudi. Hawakusimama pale kuchezesha midomo.

Lakini runinga ilikuwa na masharti yake. Mei 1984 Queen walikuwa Montreux, Uswisi, kwenye tamasha la Golden Rose lililorushwa na vituo vingi vya Ulaya, na huko waliigiza juu ya kanda, Radio Ga Ga ukiwa mmojawapo wa nyimbo hizo. Na hapa ndipo anapoingia mjomba.

Mjomba wangu ni fundi wa redio na runinga, Mombasa. Amestaafu, lakini hata sasa ukimpelekea redio iliyokufa hatakuacha uondoke nayo ikiwa imekufa. Miaka ya themanini rafiki yake baharia alimletea kanda ya VHS yenye onyesho hilo la Montreux. Kwetu sisi watoto kanda ile ilikuwa kama sikukuu. Mjomba alitukalisha mkekani, akasimama kando ya runinga na fimbo kama mwalimu. Kuna mahali Freddie anakiondoa kipaza sauti mbali na kinywa na sauti haipungui hata chembe. Hapo mjomba alisimamisha kanda.

"Mwaona? Kipaza sauti kiko huko, sauti iko hapa. Huyu ni mtoto wa Unguja. Hilo ni koo lililokunywa maji ya visima vya Unguja."

Tukaamini. Mimi nilikunywa maji mengi sana nilipokwenda Unguja mara ya kwanza, na bado naimba kama bawaba ya mlango.

Mwaka jana mjomba alinipigia simu. Masikio yanamwacha. La kulia limekwenda karibu lote, la kushoto linafuata. Alitaka nimhamishie kanda zake kwenye rununu ili azisikilize kwa vifaa vya masikioni, kwa sauti ya juu, wakati bado inawezekana. Nikashuka Mombasa na kifaa cha kuunganisha mashine ya VHS na tarakilishi, nikakaa siku nne.

Kanda ya Montreux niliitazama kwa macho ya mtu mzima, na mtu mzima hahitaji dakika mbili kujua. Hata hivyo sisi watu wa msimbo hatuamini macho tu. Nikaona nipime.

Njia yenyewe ni hii, na unaweza kuifanya nyumbani kwa wimbo wowote. Chukua sauti ya onyesho na sauti ya santuri ya studio. Fikiria doti ya kanga, vipande viwili vya chapa moja. Ukilaza kimoja juu ya kingine, kila ua linakaa juu ya ua lake. Lakini mchoraji akiombwa aichore kanga ile ile kwa mkono mara ya pili, hata awe hodari vipi, ua moja litasogea huku, lingine kule. Sauti ni hivyo hivyo. Hakuna mpiga dramu anayeweza kurudia wimbo mzima akaangukia milisekunde zile zile.

Sauti ya CD ina namba 44,100 kwa kila sekunde. Mimi nilikata onyesho vipande vya nusu sekunde, namba 22,050 kila kimoja, nikaiambia programu itafute mahali kipande hicho kinapolingana zaidi na rekodi ya studio. Maktaba za NumPy na SciPy zinafanya kazi hiyo kwa haraka. Kisha nikachora grafu ya tofauti ya muda, kipande kwa kipande. Ikiwa ni onyesho la kweli, nukta zinatapakaa kama kuku waliomwagiwa mtama. Ikiwa ni kanda, nukta zinajipanga mstari mmoja.

Kuna mtego mmoja. VHS ya kawaida huandika sauti yake kwenye ukingo wa kanda inayotembea sentimita 2.34 tu kwa sekunde katika mfumo wa PAL, karibu nusu ya mwendo wa kaseti ya muziki. Mashine ikizeeka, mwendo unayumba. Kwa hiyo mstari wako hautakuwa ulionyooka, utajipinda polepole kama barabara ya mlimani. Usiogope. Kinachotafutwa ni mstari usiokatika. Mtego wa pili: nyimbo zenye mashine ya ngoma au vinanda vilivyopangwa kabla zinaweza kulingana kwa sehemu hata kama mwimbaji anaimba kweli. Ndiyo maana lazima upime na kitu unachokijua. Mimi nilipima pia Queen wa Live Aid, uwanja wa Wembley, 13 Julai 1985, ambapo hakuna anayebisha kwamba walipiga kweli. Kuku na mtama, kila mahali.

Montreux ilitoa mstari. Umejipinda, haukukatika, kutoka mwanzo wa Radio Ga Ga hadi mwisho.

Binti ya mjomba alikuwa kando yangu jikoni nilipoiona grafu hiyo. Akafunga kifuniko cha tarakilishi yangu kwa mkono wake mwenyewe. "Usimwambie baba," alisema. "Anakaribia kuwa kiziwi. Mwache na koo lake la Unguja."

Nilielewa. Lakini pia sikutaka kumdanganya mzee aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu. Nikaamua kwamba sitalileta mwenyewe, na akiniuliza sitaficha.

Aliniuliza jioni hiyo hiyo. Nilimkuta barazani, nikamsogezea rununu na vifaa vya masikioni.

"Umeipima, sivyo?" akasema. "Nakujua. Wewe huwezi kuona kitu usikipime."

"Nimeipima, mjomba."

"Basi lete matokeo."

Nikamfungulia grafu, nikamweleza. Aliitazama muda mrefu akifuata mstari kwa kidole, kama anavyofuata waya kwenye mchoro wa redio. Kisha akacheka.

"Mwanangu, kuna wimbo mmoja mle unaisha kwa kufifia, sauti inapungua polepole hadi inapotea. Watu wanne wako jukwaani na magitaa yao. Watu wanafifiaje? Nilijua tangu siku ya kwanza. Fundi gani wa redio asingejua?"

"Na yale maji ya visima?"

"Yale nilikuwa nikiwapa nyinyi watoto. Mlikuwa hamtaki kunywa maji, mlitaka soda."

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo moja zaidi, kwa udadisi tu. Ukishajua kanda ilivyojipinda, unaweza kuinyoosha, kisha ukatoa sauti ya studio kutoka kwenye sauti ya onyesho, namba kwa namba. Nadharia inasema kinachobaki ni kile ambacho hakikuwamo kwenye santuri. Kwa VHS kuukuu haitoki safi, muziki unabaki kama mvumo wa mbali chini ya maji. Lakini juu ya mvumo huo kilichokuwa kimejificha kinajitokeza. Nilikuwa na faili hiyo mkononi, nikamwekea mjomba kwenye sikio la kushoto, sauti juu kabisa.

Walikuwa ni watu. Makofi, miluzi, mtu mmoja karibu na kipaza sauti anayepiga kelele.

Alisikiliza hadi mwisho. "Hawa hawakuigiza," akasema. Kisha: "Niwekee zote mbili."

Ndivyo nilivyofanya. Kwenye rununu yake kuna faili mbili zenye jina moja, moja imeongezwa neno "watu".

Nimelitafakari jambo hili tangu siku hiyo, na haya ndiyo maoni yangu. Programu yangu ilipima sauti na ikatoa jibu sahihi kuhusu sauti. Haikuuliza lolote kuhusu yule mtu mwenye masharubu, jinsi alivyotembea jukwaani kama mwenye nyumba, jinsi mkono wake ulivyopanda. Hayo hayakuwa kwenye kanda ya studio. Hayo aliyafanya pale, mbele ya watu wale, siku ile. Shabiki anayeyakumbuka anakumbuka kitu kilichotokea.

Tena angalieni mchezo wa historia. Video ya Radio Ga Ga, wimbo unaolilia redio inayomezwa na runinga, ilionyesha umati wa watu wakipiga makofi mawili juu ya vichwa vyao. Video ni uigizaji mtupu, kila mtu anajua, na hakuna anayelalamika. Live Aid ilipofika, watu kama 72,000 Wembley wakayapiga makofi yale yale kwa pamoja, na mpaka leo dakika hizo zinatajwa kati ya kubwa kabisa za roki ya moja kwa moja. Umati ulijifunza kutoka kwa uigizaji ukaja kufanya kweli.

Na kuna upande wenye majonzi. Oktoba 1988, Barcelona, Freddie alipanda jukwaani na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé. Hilo lilikuwa onyesho lake kubwa la mwisho jukwaani, na waliigiza juu ya kanda. Alikuwa tayari anaishi na virusi vya UKIMWI, jambo ambalo umma haukulijua. Mei 1991 alisimama mbele ya kamera kwa mara ya mwisho, kwa video ya These Are the Days of Our Lives. Picha zilifanywa nyeusi na nyeupe ili zisionyeshe jinsi alivyodhoofika. Midomo inafuata kanda, mwili hausogei sana. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo. Ukiwauliza mashabiki wa Queen lini alipowaaga, wengi watakutajia video hiyo. Nani atawaambia kwamba ile ilikuwa pleibeki?

Kwa hiyo mimi siulizi tena kama kanda ilitumika. Nauliza nani aliambiwa nini. Hapa namrudia yule msichana wa santuri wa 1964. Sisi watengenezaji programu tuna pleibeki yetu: maonyesho kwa mteja, ambapo mtandao hauaminiki na mfumo haujaisha, kwa hiyo majibu yanayotokea kwenye skrini yameandaliwa jana. Si dhambi. Ofisini kwetu kuna kanuni moja tu, kwamba juu ya skrini pawe na kibango chekundu kinachosema "data ya mfano". Mteja mmoja aliwahi kutuomba tukiondoe kabla ya kuwaonyesha wafadhili wake. Tulikataa, kazi ikaenda kwa wengine, na mwezi huo ulikuwa mrefu. Kibango kile ndicho msichana wetu wa santuri. Akionekana, wimbo na uendelee.

Nimalizie na ushauri wa kazi. Kama nyumbani kwenu kuna kanda za video za wasanii mliowapenda, ziwe za roki, taarabu, benga au kwaya, zihamisheni sasa. Unga wa sumaku unabanduka, ukungu unaingia, hasa pwani kwenye unyevunyevu, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena tangu 2016. Sauti iwekeni kwenye faili isiyobanwa, WAV au FLAC, kwa sababu MP3 hutupa hasa vile vitu vidogo vilivyo nyuma ya muziki. Safisheni vichwa vya mashine kabla ya kila kanda. Na msikate mwanzo wala mwisho mkidhani ni kelele tupu, wekeni yote, makofi na hata kikohozi cha aliyekuwa akirekodi.

Programu yangu nitaiweka hapa wiki ijayo nikishaisafisha kidogo. Halafu tutarudi kwenye hifadhidata, naahidi.